Kikao cha kwanza na mteja: hatua kwa hatua kwa mnasihi mwanafunzi

Jina la kazi yetu ndilo linalotuponza. "Ushauri nasaha": maneno mawili, na yote yana maana ya kumwambia mtu la kufanya. Mteja anaingia akisubiri kuambiwa, nawe unaona aibu kukaa kimya. Katika kikao changu cha kwanza nilitoa ushauri kabla mama wa watu hajamaliza kueleza kilichomleta. Hakurudi.

Hatua ya 1: Chumba. Weka viti kwenye pembe ya meza, msitazamane kama polisi na mtuhumiwa. Mteja alipe dirisha mgongo, wapitao wasimtambue. Zima simu.

Hatua ya 2: Siri na mipaka yake. Sema mapema: "Tutakayozungumza yanabaki hapa. Ila nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au kuna mtoto anadhulumiwa, itabidi nihusishe wengine." Ukisubiri mpaka afunguke, atahisi umemtega.

Hatua ya 3: Rudisha maneno yake. Hapa ndipo kazi ilipo. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, katika makala yake ya 1957, alieleza masharti yanayomwezesha mteja kubadilika. Yanayomhusu mnasihi ni matatu: awe mkweli wa nafsi, amkubali mteja bila masharti, na aone mambo kwa macho ya mteja. Kuyakariri ni dakika tano. Kikaoni yanakuwa hivi:

Mteja: "Nikiingia tu nyumbani, kifua kinabana."

Jibu bovu: "Usijali, kila ndoa ina changamoto."

Jibu zuri: "Ukifika mlangoni, kifua kinabana." Kisha nyamaza. Hesabu hata kumi kimoyomoyo.

Mteja: "Si mlangoni. Ni nikisikia gari lake."

Umeona? Na usikibadilishe kifua chake kuwa "wasiwasi" kwa sababu ndivyo daftari lako linavyosema.

Hatua ya 4: "Dada, wewe niambie tu nifanyeje." Litakuja. Kujibu swali kwa swali kunaudhi. Sema: "Naona umechoka kulibeba hili peke yako. Hebu tuangalie uliyokwisha kujaribu."

Hatua ya 5: Ellis asubiri. Albert Ellis, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, katikati ya miaka ya 1950, alianza kujenga tiba inayotenganisha tukio, imani juu ya tukio, na matokeo. Kijana amefeli kidato cha nne, amejifungia chumbani, katikati kuna sentensi: "Mimi ni mzigo." Hiyo ndiyo ya kuhojiwa, lakini baadaye, akishakuamini. Na kama shida ni ada, ada haipo kweli. Usimhoji mtu umaskini wake; mwelekeze ustawi wa jamii.

Hatua ya 6: Dakika kumi za mwisho. Akiwa amegusia kukata tamaa, uliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali halimpandikizii wazo. Akikubali, uliza kama amepanga na atatumia nini. Kama mpango upo, usimwache atoke peke yake. Mpigie msimamizi wako mteja akiwa bado amekaa.