Jinsi ya kuiombea baiskeli nafasi kwenye ndege, kuanzia tiketi hadi madai

Baiskeli haipelekwi kaunta hivi hivi kama begi la nguo. Inaombewa nafasi, ombi linajibiwa, na jibu linaingizwa kwenye tiketi yako. Wengi wanaokwama uwanjani hawakwami kwa sababu kampuni haibebi baiskeli. Wanakwama kwa sababu hawakuomba, au waliomba kwa simu na hakuna mahali palipoandikwa. Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, naulizwa zaidi habari hizi na vijana wa Dar, Arusha na Nairobi, na swali la kwanza huwa ni boksi linapatikana wapi. Boksi litafika zamu yake. Anza na ndege.

Ndege gani, kabla hujalipa

Kwa tiketi nyingi za daraja la kawaida, mzigo mmoja unaokabidhiwa kaunta una mipaka miwili: kilo 23, na jumla ya urefu, kimo na upana isiyozidi sentimita 158. Katoni ya baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 140 hivi, kimo 80 na upana 20 na ushee. Jumlisha, unapata 240. Kwa uzito inapita, kwa vipimo haipiti, ndiyo maana kampuni huiweka kwenye fungu la vifaa vya michezo lenye masharti yake. Zipo zinazoihesabu kuwa moja ya mizigo yako ya halali mradi uzito usizidi. Nyingine zinatoza ada maalumu, kwenda na kurudi. Nyingine tena zinaitoza kama mzigo uliozidi vipimo, na hapo gharama hupanda sana. Kwa hiyo usilinganishe tiketi kwa bei ya mtu peke yake. Linganisha bei ya mtu pamoja na baiskeli yake, maana tiketi iliyoonekana rahisi huweza kugeuka kuwa ndiyo ghali.

Mpaka wa kilo 32 kwa mzigo mmoja ni mgumu zaidi. Umewekwa kuwalinda wafanyakazi wanaonyanyua mizigo kwa mikono, na kwa kawaida hausogezwi hata ukiwa tayari kulipia.

Kisha tazama ukubwa wa ndege katika kila kipande cha safari. Boeing 787 za Air Tanzania au Kenya Airways zina tumbo kubwa, boksi linaingia bila maneno. ATR za Precision Air na Dash 8 za Air Tanzania au Jambojet ni ndege za mapangaboi zenye nafasi ndogo ya mizigo, na kukubaliwa kwako kunategemea nani mwingine anasafiri na nini siku hiyo. Hapo ombi la mapema ndilo linalokuokoa. Zile Cessna Caravan za kwenda Mafia, Serengeti au Maasai Mara kwa kawaida zinaruhusu kilo 15 tu kwenye begi laini, kwa hiyo boksi la baiskeli usilifikirie kabisa. Na kama unaenda Zanzibar, ushauri wangu ni kushukia Dar na kuvuka kwa boti. Utajiondolea usumbufu mwingi kwa safari isiyozidi saa mbili hivi.

Jambo moja zaidi hapa: tiketi inaweza kubeba jina la kampuni moja huku ndege ikiwa ya nyingine. Kwenye tiketi ya kuunganisha, masharti ya mizigo kwa kawaida hufuata kampuni moja kwa safari nzima, lakini nafasi tumboni ni ya yule anayerusha ndege. Uliza kote kuwili. Kama umenunua tiketi mbili tofauti kuunganisha mwenyewe, hesabu kuwa unaomba mara mbili, unalipa mara mbili, na katikati utaichukua baiskeli na kuikabidhi upya.

Kuandika ombi

Kampuni nyingi zinataka taarifa kati ya saa 24 na 72 kabla ya kuondoka. Usingoje hapo. Idadi ya baiskeli kwa ndege moja ina kikomo, na wiki ya mashindano nafasi huisha mapema. Omba siku ileile unayokata tiketi, au kabla hujalipa kama wakala anaweza kukushikilia nafasi. Simu ni nzuri kwa kuuliza, lakini ombi lenyewe liandike, hivi:

*Habari za kazi. Naitwa (jina kama lilivyo kwenye pasipoti), PNR yangu ni (namba ya nafasi yako kwenye tiketi, herufi na tarakimu sita). Nasafiri Dar es Salaam–Nairobi–Amsterdam tarehe (…) na kurudi tarehe (…). Naomba kusafiri na baiskeli moja isiyo na mota wala betri, iliyofungwa kwenye boksi la sentimita 140 × 80 × 22 lenye uzito wa kilo 19. Naomba ombi hili liingizwe kwenye ndege zote nne, kwenda na kurudi, nijulishwe ada yake, na nithibitishiwe kwa maandishi. Natanguliza shukrani.*

Kila kipengele humo kina kazi. Vipimo visipotajwa, ofisa atakujibu kwa kunakili ukurasa wa masharti tu. "Isiyo na mota wala betri" inamaliza swali la usalama kabla halijaulizwa. "Ndege zote nne" ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu kosa la kawaida ni ombi kuingizwa kwenye kwenda tu, na msafiri anaingia kwenye mvutano siku ya kurudi, akiwa ugenini na pesa zimekwisha. Vipimo vyenyewe viwe vya kweli. Kipimo kilichopunguzwa kitaonekana kaunta.

Wakijibu kwamba wamekubali, bado hujamaliza. Ndani ya mfumo wa tiketi ombi la baiskeli huingizwa kwa alama BIKE, na likikubaliwa hali yake husomeka HK. Muulize ofisa kwa heshima: "Dada, naomba uniangalizie, BIKE yangu imekuwa HK kwenye kila ndege?" Akikwambia bado inasubiri, rudi kesho yake. Kama kuna ada na kampuni inapokea malipo ya mapema, ilipe, mara nyingi huwa nafuu kuliko ya uwanjani, kisha dai stakabadhi yake, inayoitwa EMD, yenye namba ya tarakimu 13. Chapisha stakabadhi na barua pepe ya kukubaliwa. Simu huzima, na mtandao wa uwanjani si wa kutegemea ukiwa mbele ya kaunta na watu wamejipanga nyuma yako.

Betri na gesi

Betri ya lithiamu inayozidi saa-wati 160 haibebwi na abiria, iwe mkononi au tumboni mwa ndege. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya kampuni. Zidisha volti kwa amperi-saa: betri ya volti 36 na amperi-saa 10 ni saa-wati 360. Kwa hiyo baiskeli ya umeme ya kawaida haisafiri na betri yake, na hakuna barua ya kuomba itakayobadilisha hilo. Taa, pawabenki na betri za akiba unapanda nazo mkononi. Usizisahau ndani ya boksi, maana ndizo zinazofanya mzigo usimamishwe kwenye mashine. Vimitungi vya gesi vya kujazia upepo vinahitaji idhini ya kampuni. Chukua pampu.

Kuifunga

Maduka ya baiskeli, Kariakoo au kokote, hupokea baiskeli mpya zikiwa kwenye katoni. Wapitie siku chache kabla, uombe moja isiyoloa wala kuchanika. Sanduku gumu la plastiki linakinga vizuri zaidi, ila lenyewe tu lina kilo 10 au zaidi, na kama unashukia mji mmoja na kuondokea mwingine, huna pa kuliacha.

Osha baiskeli kwanza, hasa tairi. Nchi kama Australia na New Zealand hukagua udongo kwa makini, na udongo wa Kilosa ulioganda kwenye tairi utakuchelewesha. Kisha piga picha: baiskeli nzima pande zote mbili, namba ya fremu iliyochongwa chini karibu na mhimili wa pedeli, na baadaye boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Picha hizo ndizo ushahidi wako wa madai, na pamoja na risiti zitakusaidia kwa maofisa wa forodha ukirudi, wakitaka kujua kama baiskeli ilitoka nayo hapa au imenunuliwa nje. Kama baiskeli ni ya thamani, pita kwenye dawati la forodha kabla ya kuondoka uulize namna ya kuiandikisha.

Pedeli ndizo zinazowashinda watu. Ukitazama kutoka upande wa pedeli yenyewe, ya kulia inafunguliwa kinyume cha saa, kama skrubu nyingine zote. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguliwa kwa kufuata saa. Anayeilazimisha upande usio wake anaizidisha kukaza, na baadhi huharibu mkono wa alumini unaoshika pedeli siku moja kabla ya safari. Zilegeze mapema, uzipake grisi kidogo, uzirudishe kwa kukaza kiasi, ili siku yenyewe zitoke bila kugombana.

Toa gurudumu la mbele, usukani na kiti. Mkono wa gia ya nyuma ufungue kwenye fremu bila kukata waya, uuviringishe sponji na kuufunga kwa ndani, katikati ya mirija ya fremu. Kile kisikio kinachoushika ni cha alumini laini, kimewekwa makusudi kipinde au kivunjike kabla ya fremu, na boksi likilazwa upande wa gia ndicho kinachoumia. Beba cha akiba kinacholingana na fremu yako; ugenini unaweza kuzunguka maduka ukakosa kinachoingia.

Kwenye foko, mahali pa gurudumu, weka kipande cha mbao au plastiki cha upana uleule, mara nyingi sentimita 10, ili miguu yake isibanwe. Kama ni breki za diski za mafuta, chomeka kadibodi nene katikati ya pedi. Mtu akibana breki bila diski kuwapo, pedi hukutana na utahangaika kuzitenganisha. Upepo wa tairi punguza, usiutoe wote. Chumba cha mizigo cha ndege za abiria za masafa huwekewa hewa sawa na cha abiria, kwa hiyo tairi halipasuki lenyewe, ila kampuni nyingi zinataka upepo upunguzwe, na ule kidogo uliobaki unakinga rimu.

Vitu vidogo vyote viwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu, visielee. Boksi likitoboka, skrubu na pedeli hutokea hapo. Andika jina, simu na mwisho wa safari nje, na karatasi nyingine kama hiyo iwe ndani. Mwisho litikise boksi: ukisikia kitu kinacheza, fungua uongeze sponji. Viatu na nguo vingeweza kujaza nafasi hiyo, lakini kampuni nyingine hazitaki kitu kingine ndani ya boksi la baiskeli, basi soma masharti yako kwanza. Lipime uzito kabla ya kuondoka nyumbani.

Uwanjani

Boksi la sentimita 140 haliingii kwenye buti ya teksi ndogo. Tafuta Noah au kirikuu tangu jana yake, na fika saa tatu hadi nne kabla ya ndege kuondoka. Kwenye viwanja vyetu mizigo hupita kwenye mashine mlangoni, kabla ya kaunta, na boksi lisiloenea hukaguliwa kwa mkono. Kwa hiyo beba selotepu pana na kisu cha katoni ndani ya begi litakaloingia tumboni, ulifunge upya bila kuombaomba.

Kaunta, toa tiketi, stakabadhi na ile barua pepe kwa pamoja, kabla hujaulizwa. Lebo ikibandikwa, isome: herufi tatu za mwisho wa safari ziwe za mji unaokwenda, siyo za kituo cha katikati. Ukiingia Marekani, kwa kawaida baiskeli utaichukua kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia, upite nayo forodha na kuikabidhi tena, hata kama lebo inaonyesha mji wa mbele. Unaweza pia kuombwa usaini lebo ya kupunguza wajibu wa kampuni, yenye visanduku vya "mzigo dhaifu" au "umefungwa vibaya". Usisaini kwa haraka. Kama umefunga vizuri, sema hivyo kwa upole na uonyeshe picha, uombe kisanduku cha kufungwa vibaya kiachwe wazi, maana kikitiwa alama kitatumika dhidi yako.

Ikifika imeumia, au isipofika

Mizigo mikubwa kwa kawaida haiji kwenye mkanda; hutolewa kwenye mlango wa pembeni. Fungua boksi hapohapo, kabla ya kutoka ukumbini. Ukiona fremu imepasuka au rimu imepinda, nenda dawati la mizigo la kampuni iliyokuleta, waandike ripoti iitwayo PIR, na usiondoke bila nakala yenye namba.

Ripoti hiyo peke yake haitoshi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa yatumwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Baiskeli isiyofika baada ya siku 21 unaweza kuidai kama iliyopotea. Kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), karibu dola 2,000 za Marekani, na hicho kinajumlisha mizigo yako yote. Kama baiskeli yako inazidi thamani hiyo, mkataba unakuruhusu kutangaza thamani yake kaunta wakati wa kuikabidhi na kulipa nyongeza ikihitajika. Baada ya ndege kuondoka haiwezekani tena. Kwenye barua ya madai ambatisha PIR, lebo, picha za kabla na baada, risiti ya kununulia, na makadirio ya fundi yaliyoandikwa na kugongwa mhuri wa duka.