Kufundisha chanzo cha ulimwengu kwa lastiki, punje za mahindi na usiku mmoja wa Oktoba

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sayansi au mlezi wa klabu ya wanafunzi wa sekondari katika Nyanda za Juu Kusini. Unahitaji vipindi vinne vya dakika 80 na usiku mmoja usio na mwezi. Vifaa vyote vinapatikana Mwanjelwa, soko la jijini Mbeya, au soko lolote la mji kuanzia Mafinga hadi Tukuyu.

Anza na vipimo, jina la nadharia lije mwisho. Ukiandika "Mlipuko Mkuu" ubaoni siku ya kwanza, darasa zima litachora bomu linalopasuka katikati ya giza, na picha hiyo haitoki tena vichwani. Nadharia haizungumzii kitu kilicholipuka mahali fulani ndani ya nafasi tupu. Inasema nafasi yenyewe imekuwa ikitanuka kila mahali, na kwamba zamani vyote vilivyomo vilikuwa vimesongamana na vya moto sana. Jina lenyewe lilitolewa redioni mwaka 1949 na Fred Hoyle, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa akiipinga nadharia hii.

Kipindi cha 1: lastiki na vifungo

Kwa darasa la wanafunzi 40, gawa vikundi 8. Kila kikundi kipate lastiki ya kushonea yenye upana wa sentimita 2 na urefu wa mita 1, vifungo 9 vya shati, sindano na uzi, rula ndefu au futi ya fundi cherehani, ubao wa mita 1.5, misumari 2 na saa ya simu.

Acha sentimita 10 kila mwisho wa lastiki kwa ajili ya kufungia. Shona vifungo kila baada ya sentimita 10, kuanzia 0 hadi 80. Pitisha uzi mara moja tu katika kila kifungo, kisha funga fundo legevu. Ukishona kwa kurudia-rudia, lastiki inakakamaa pale penye kifungo na vipimo vinapotoka.

Funga mwanzo wa lastiki kwenye msumari, kifungo cha kwanza kikae kwenye sifuri ya rula. Mwanafunzi mmoja avute mwisho wa pili kwa mwendo sawa kwa sekunde 5, hadi kifungo cha mwisho kitoke sentimita 80 na kufika 120. Mwingine agongelee msumari wa pili pale. Sasa wapime. Kifungo kilichokuwa sentimita 10 kiko 15, kwa hiyo kimesogea 5. Cha 20 kiko 30, kimesogea 10. Cha 40 kiko 60, na cha 80 kiko 120. Wagawe kwa sekunde 5: kasi ni sentimita 1, 2, 4 na 8 kwa sekunde. Kilicho mbali mara mbili kinakimbia mara mbili.

Hapo waulize ni kifungo gani kiko katikati ya utanukaji. Wengi watasema kile cha msumarini. Waambie wahesabu upya wakianzia kifungo cha tano, kana kwamba wao wamesimama hapo. Kila upande vifungo vinakimbia kwa kanuni ileile. Hatua hii usiiruke hata kama kengele inakaribia, maana ndiyo inayofuta lile wazo la kitovu.

Kisha wagawe umbali wa sasa kwa kasi: 15 kwa 1, 30 kwa 2, 120 kwa 8. Jibu ni sekunde 15 kila mara. Kama kasi haikubadilika, vifungo vyote vilikuwa mahali pamoja sekunde 15 zilizopita.

Hesabu ya ulimwengu halisi ni hiyohiyo, vifungo vikisimama badala ya galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota kama hili letu. Georges Lemaître wa Ubelgiji aliieleza mwaka 1927, na Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake mwaka 1929. Leo kasi ya utanukaji ni takribani kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni kilomita 3.09 × 10¹⁹. Gawa kwa 70, unapata sekunde 4.4 × 10¹⁷. Gawa kwa sekunde 3.16 × 10⁷ za mwaka mmoja, unapata miaka bilioni 14. Hesabu kamili, inayozingatia kwamba kasi imekuwa ikibadilika, inatoa bilioni 13.8.

Wape pia namba ya Hubble mwenyewe, ambayo ilikuwa karibu 500. Wakirudia hesabu watapata miaka bilioni 2 tu, na hapo darasa linachangamka, kwa sababu miamba ya dunia ina umri mkubwa kuliko huo. Kosa halikuwa kwenye kasi bali kwenye umbali. Hubble alipima umbali kwa nyota zinazopwita ambazo Henrietta Leavitt aligundua kanuni yake, lakini nyota hizo ziko za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Walter Baade alizitenganisha mwaka 1952, na umri wa ulimwengu ukaongezeka maradufu papo hapo. Mwaka 1956 Clair Patterson alipima risasi iliyomo kwenye vimondo akapata miaka bilioni 4.55 kwa mfumo wetu wa jua. Kama shule yenu inaweza kufika Ndolezi, kwenye Kimondo cha Mbozi, huu ndio wakati wa safari. Kimondo kile ni cha chuma, na vimondo vya chuma vilikuwa miongoni mwa vile alivyotumia Patterson.

Mnapokuwa Mbozi, zuieni kosa moja: mwanafunzi kudhani kile ni kipande cha Mlipuko Mkuu. Chuma hakikuwapo mwanzoni. Kilipikwa baadaye sana ndani ya nyota, na kipindi kinachofuata kinaonyesha kwa nini.

Mambo mawili huharibu zoezi la lastiki. La kwanza ni lastiki kuukuu, ambayo upande mmoja imelegea. Ivute na kuipima kabla ya kuigawa. La pili ni kuchora galaksi kwa kalamu ya wino mzito badala ya kushona vifungo. Michoro hutanuka pamoja na lastiki, wanafunzi wakadhani galaksi, dunia na hata miili yetu vinatanuka. Kifungo kinabaki na ukubwa wake. Galaksi nazo ziko hivyo, kwa kuwa mvutano wake (graviti) umezishika. Hata hivyo kalamu ina kazi moja nzuri: chora wimbi kati ya vifungo viwili, kilele hadi kilele sentimita 4, kisha vuta. Vilele vinatengana hadi sentimita 6. Nuru inayosafiri katika nafasi inayotanuka hurefuka vivyo hivyo na kuelekea rangi nyekundu.

Kipindi cha 2: punje 16

Kila kikundi kipate punje 14 za mahindi na maharage 2. Hindi ni protoni, haragwe ni nyutroni. Ndiyo uwiano uliokuwapo ulimwengu ulipokuwa na umri wa dakika chache, saba kwa moja. Kanuni ya mchezo: kiini cha heli kinahitaji maharage 2 na mahindi 2. Wajenge viini vingi kadiri wawezavyo.

Watapata kimoja tu, na mahindi 12 yatabaki peke yake. Hayo ni hidrojeni. Punje 4 kati ya 16 zimeingia kwenye heli, yaani asilimia 25 ya uzito wote. Gesi kongwe zilizopimwa angani, ambazo hazijachafuliwa sana na nyota, zina takribani robo hiyo ya heli. Nyota peke yake zisingeweza kutengeneza heli nyingi kiasi hicho.

Swali litakalokuja ni kwa nini upishi haukuendelea hadi chuma. Ulimwengu ulikuwa ukipoa haraka, na hakuna kiini thabiti chenye punje 5 wala 8, kwa hiyo ngazi ilikatika mapema. Kilichopatikana zaidi ni lithi kidogo sana. Usiache darasa likiamini kwamba nyutroni zingeweza kusubiri: nyutroni zikiwa peke yake, nusu yazo huwa zimeshageuka protoni ndani ya dakika 10 hivi.

Kipindi cha 3: chenga

Tafuta TV ya chogo yenye sehemu ya antena ya waya. Ondoa king'amuzi, chomeka waya wa sentimita 50 kwenye antena, tafuta chaneli tupu. Tangu matangazo ya analojia yazimwe, karibu kila chaneli ni tupu. TV bapa haifai, maana nyingi huficha chenga kwa skrini ya bluu.

Sema ukweli wa kile wanachokiona. Sehemu kubwa ya chenga inatoka kwenye TV yenyewe na vyombo vya umeme vya jirani. Takribani asilimia 1 tu ndiyo mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000. Mwalimu akisema "hizi zote ni Mlipuko Mkuu", mwanafunzi makini atafunika antena kwa sufuria, aone chenga ziko palepale, na hatamwamini tena.

Ndiyo maana Arno Penzias na Robert Wilson walihangaika sana mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani. Antena yao ilitoa mvumo wa ziada wa takribani kelvini 3.5 kutoka pande zote, usiku na mchana, majira yote. Waliulinganisha na heli ya kimiminika, wakakagua viungio, wakafukuza njiwa na kusafisha kinyesi chao. Mvumo ukabaki. Setilaiti COBE, iliyorushwa mwaka 1989, iliupima vizuri zaidi: kelvini 2.725. Wanafunzi wafanye hesabu hii: nuru iliachiliwa ulimwengu ukiwa na joto la kelvini 3,000, na tangu hapo nafasi imetanuka karibu mara 1,100. 3,000 ukigawa kwa 1,100 unapata 2.7.

Kipindi cha 4: nadharia zisimame mahakamani

Vikundi vichukue nadharia moja moja na kujibu maswali matatu: Kwa nini galaksi zinakimbiana? Robo ya heli imetoka wapi? Mvumo wa kelvini 2.7 umetoka wapi?

Nadharia ya Hali Ileile ya Hoyle, Bondi na Gold (1948) ipewe watetezi hodari, kwa sababu ilikuwa nadharia ya heshima. Ilisema ulimwengu hauna mwanzo, na maada mpya huzaliwa taratibu kujaza nafasi inayotanuka. Swali la kwanza inalijibu vizuri. Inaangukia kwenye la tatu, na pia kwenye hesabu za vyanzo vya redio: vya mbali, ambavyo tunaviona jinsi vilivyokuwa zamani, ni vingi kuliko inavyotabiri.

Mlipuko Mkuu unayajibu yote matatu. Lakini hauelezi kwa nini pande mbili za anga ambazo hazikuwahi kukutana zina joto linalolingana hadi sehemu moja kwa 100,000. Kwa hilo Alan Guth alipendekeza mwaka 1980 kwamba katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza nafasi ilitanuka ghafla kupita kiasi. Wazo hilo linafanya kazi vizuri, ila alama yake kuu, mawimbi ya mvutano ya kale, haijaonekana. Tangazo la mwaka 2014 kwamba yamepatikana lilibainika kusababishwa na vumbi la galaksi yetu.

Suala la imani litajitokeza, na lisikwepwe. Lemaître alikuwa padre Mkatoliki, na hakupenda nadharia yake itumike kuthibitisha uumbaji wala kuukanusha. Mwalimu anaweza kusimama hapohapo bila kumvunjia mtu yeyote heshima.

Usiku wa kuangalia

Katikati ya Oktoba, siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, kati ya saa 4 na saa 7 usiku. Mvua hazijaanza, lakini moshi wa mashamba yanayochomwa hujaa mabondeni. Pandeni juu ya moshi. Uwanda wa Kitulo unafaa sana. Mtu avae koti zito. Zimeni simu kwa dakika 20 ili macho yazoee giza.

Kusini: tafuteni Achernar, nyota angavu iliyo peke yake. Shukeni ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa, kidogo kulia. Ukungu mdogo hapo ni Wingu Dogo la Magellan, miaka nuru 200,000 kutoka kwetu. Nyota za Leavitt zilikuwa humo. Kulia kwake kuna kinyota chenye ukungu, 47 Tucanae, ambacho wengi hukidhania galaksi. Hilo ni kundi la nyota ndani ya galaksi yetu.

Kaskazini: tafuteni mraba mkubwa wa Pegasus. Kutoka kona ya chini kulia shukeni kulia hadi Mirach, kisha kateni kushoto kuelekea chini, pungufu kidogo ya ngumi moja. Ukungu mrefu ni galaksi ya Andromeda, miaka nuru milioni 2.5 kutoka kwetu. Darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 inatosha. Ukiikazia macho moja kwa moja hufifia, hivyo angalia pembeni yake kidogo.

Mtu atauliza kama Andromeda nayo inatukimbia. Hapana, inatujia, kwa sababu iko karibu na mvutano kati yake na galaksi yetu unaushinda utanukaji. Utanukaji unapimwa kwa galaksi zilizo mbali zaidi, na hata leo vipimo viwili bora havijakubaliana: setilaiti Planck inatoa takribani 67, njia ya nyota zinazopwita na nyota zinazolipuka inatoa takribani 73. Wape wanafunzi namba zote mbili waende nazo nyumbani, wakokotoe umri kwa kila moja na waje na tofauti yake kwa miaka.