Bwawa ndani ya chupa: jinsi ya kulichunguza darasani

Bwawa ndani ya chupa ni chupa ya kioo iliyofungwa, yenye maji, tope, mimea na viumbe wadogo wa majini. Kuitengeneza ni kazi ya kipindi kimoja. Somo lenyewe ni kuichunguza, na hapo ndipo madarasa mengi hulegea. Ninafundisha biolojia hapa Moshi. Mwongozo huu ni wa walimu wenzangu.

1. Chota maji kwa tahadhari. Konokono wa mifereji na mashamba ya mpunga huweza kubeba kichocho, kwa hiyo wanafunzi wasiingie majini. Achote mtu mzima aliyevaa buti na glavu. Toa konokono wote, kisha funika ndoo na uiache siku mbili kamili kabla mwanafunzi hajayagusa maji; mabuu ya kichocho yakikosa binadamu hufa ndani ya muda huo.

2. Jaza chupa mbili za kioo. Mchanga uliooshwa, kijiko kimoja cha tope, majani ya majini, na maji hadi robo tatu. Funga mfuniko ubane.

Usizidishe tope. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia kwenye jengo la Biosphere 2 huko Arizona, Marekani, waishi kwa hewa na chakula cha humo humo. Vijidudu vya udongo wenye mboji nyingi vilitumia oksijeni haraka kuliko mimea ilivyoitoa, na mwanzoni mwa 1993 ikabidi waongezewe kutoka nje. Chupa yako haina wa kuiongezea.

3. Ziweke. Moja karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja maana kioo hupika maji; nyingine kabatini gizani. Juni na Julai, mawingu yanapotanda siku nzima, tarajia mabadiliko ya polepole.

4. Chunguzeni mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa sita mchana. Hapa msiwe na haraka. Mchana, kwenye chupa ya dirishani, tafuteni mapovu madogo yaliyoshika majani: mara nyingi ni oksijeni ya usanisinuru, yaani mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Usiku mimea nayo hupumua bila kuzalisha, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya dhiki. Wale wadudu wadogo wanaorukaruka majini, oksijeni ikipungua kwa siku kadhaa, baadhi yao huwa wekundu kwa kuongeza himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni. Mwanafunzi akigundua hilo mwenyewe kwa lenzi ya mkono, hahitaji nimkaririshe upumuaji.

Sisitiza waandike walichokiona. “Maji yamekufa” ni hukumu. Bandika nyuma ya chupa karatasi yenye mistari ya herufi, kubwa hadi ndogo, waandike namba ya mstari wa mwisho unaosomeka kupitia maji. Ukungu mweupe wa bakteria wa siku za mwanzo utaonekana kwa namba. Pimeni pia uzito kila Ijumaa. Mfuniko ukibana, mizani haibadiliki hata mimea ikikua au ikioza, na swali la “uzito wa jani jipya umetoka wapi?” linafaa kujaza kipindi kizima.

5. Kiumbe akifa, usifungue. Endeleeni kuandika: nani amemla, maji yamegeuka rangi lini, mwani umeongezeka upande gani.

6. Mwisho wa muhula, mwageni maji kwenye udongo mkavu mbali na mfereji, na mimea ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Msiirudishe majini, inaweza kuota mahali ambapo haikuwepo.