Ubuntu inawaka leo, kesho inagoma, Windows iko poa: jinsi ya kumkamata mchawi kwenye laptopu yenye mifumo miwili

Wakuu habari. Hili tatizo mafundi tunaletewa sana, laptopu ina Windows na Ubuntu (mfumo wa Linux), Windows haina shida kabisa ila Ubuntu siku nyingine inawaka vizuri siku nyingine inakwama, unabaki na skrini nyeusi au maandishi meupe yamejaa mpaka chini. Wengi wanakimbilia kuifuta Ubuntu na kuiweka upya, wiki haiishi mambo ni yale yale, kwa sababu mara nyingi kinachoigomesha hakipo ndani ya Ubuntu. Mfumo uliokufa haufufuki kesho yake wenyewe. Kama inawaka leo na kesho inagoma basi kuna kitu kinabadilika kabla hujabonyeza pawa, na hicho ndo tunakitafuta.

Kwanza kabisa nakili mafaili yako ya muhimu kwenye diski ya nje. Na kama Windows yako imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data za diski), ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uchukue ule ufunguo wa tarakimu 48 uuandike pembeni, maana ukigusa mambo ya Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo wakati wa kuwaka) kwenye BIOS (setingi za msingi za laptopu kabla mfumo haujawaka) Windows inaweza kukudai huo ufunguo, na kama huna ndo basi tena.

Hatua ya 1: fuatilia inagoma baada ya nini

Usikurupuke kubadilisha kitu. Kila ikigoma andika: mara ya mwisho ulitoka Windows au Ubuntu? Ulizima kabisa au uliristati? Chaji iliisha? Umeme ulikatika? Halafu piga picha ya skrini kwa simu, ile meseji ya mwisho ndo yenye kazi. Ukishapata matukio kadhaa utaona yanafanana, na kuanzia hapo unajua uende hatua gani.

Hatua ya 2: Fast Startup ya Windows

Huyu ndo mshukiwa namba moja. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza Shut down Windows haizimi kabisa, inafunga programu zako halafu kiini chake inakihifadhi kwenye diski ili kesho iwake chapu. Kwahiyo patisheni zake (vipande vya diski) zinabaki kama bado zinatumika, na wakati mwingine hata kadi ya wifi inaachwa kwenye hali ambayo Ubuntu haiielewi. Ila ukibonyeza Restart inazima kiukweli. Sasa rudi kwenye ulichoandika: kama Ubuntu inagoma ukitoka kwenye Shut down na inawaka ukitoka kwenye Restart, umeshampata.

Kuhakikisha, siku hiyo zima Windows huku umeshikilia Shift halafu uone Ubuntu ikoje. Ikiwaka, rudi Windows, fungua Command Prompt kama administrator uandike:

`powercfg /h off`

Kuna njia ya kwenda Control Panel kutoa tiki kwenye "Turn on fast startup", nayo inafanya kazi, ila mimi napenda hii amri kwa sababu inaondoa kabisa lile faili la hiberfil.sys na unarudishiwa nafasi kwenye diski. Kitu utakachokosa ni Hibernate tu. Ikitokea apdeti kubwa ya Windows imepita, kagua tena kama haijarudishwa.

Hatua ya 3: skrini imeandika "You are in emergency mode"

Hapa watu wanaogopa bure, Ubuntu iko hai, inachosubiri ni wewe. Mara nyingi inatokea kwa mtu aliyeweka ile patisheni D ya Windows ijifungue yenyewe kila Ubuntu ikiwaka, ili muziki na dokumenti azipate pande zote mbili. Windows ikiiacha D vibaya, Ubuntu inaikataa, na kwa vile imeandikwa kama kitu cha lazima, safari nzima inaishia hapo. Bonyeza Enter ikupe terminali (sehemu ya kuandika amri), kisha fungua faili lenye orodha ya patisheni za kufunguliwa:

`nano /etc/fstab`

Utaona mstari unaofanana na huu:

`UUID=xxxx /mnt/data ntfs defaults 0 0`

Ubadilishe uwe hivi:

`UUID=xxxx /mnt/data ntfs defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10 0 0`

Angalia sana, kati ya defaults na nofail ni koma bila nafasi, ukiweka nafasi umeharibu mstari mzima. Hilo neno nofail linaiambia Ubuntu kwamba hiyo patisheni ikikosekana iendelee na safari, na ile 10 ni sekunde za kuisubiri, kwa sababu kawaida inasubiri sekunde 90 na mtu anadhani laptopu imeganda. Ukishasevu andika `findmnt --verify` ikukague kama umeandika sawasawa, ndo uristati. Mistari ya `/` na `/boot/efi` usiiguse.

Hatua ya 4: skrini nyeusi, hakuna neno

Ikifika menyu ya GRUB (ile ya kuchagua Ubuntu au Windows), simama kwenye Ubuntu ubonyeze e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni kuna `quiet splash`, yafute hayo maneno mawili halafu F10. Sasa utaona kila kinachopita na utajua inakwamia wapi. Ikikwamia kwenye mambo ya nvidia au nouveau (draiva za kadi ya grafiki), rudia ila safari hii weka `nomodeset` pale ulipofuta. Ikiwaka, tatizo ni draiva ya grafiki, weka draiva yake kupitia Additional Drivers. Mabadiliko ya hapo GRUB ni ya mara moja tu, hayaharibu kitu, jaribu bila wasiwasi. Na kama imeanza baada ya apdeti ya Ubuntu, ingia Advanced options uchague kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani.

Ukishafanikiwa kuingia, andika `journalctl --list-boots`. Kama ile mara iliyogoma haipo kabisa kwenye orodha, basi ilikwama mapema mno, kabla Ubuntu haijaanza kuandika chochote, kwahiyo angalia diski na BIOS. Kama ni ile ya kabla ya sasa hivi na ipo, `journalctl -b -1 -p err` itakuonyesha makosa yake.

Hatua ya 5: imeishia kwenye (initramfs)

Hapa Ubuntu imekwama kabla ya kufungua patisheni yake. Ikisema "RUN fsck MANUALLY" basi mara nyingi laptopu ilizimwa ghafla, na hii nawaona nayo wale ambao betri imekufa wanatumia laptopu kwa chaja tu, umeme ukikatika nayo imekatika. Meseji yenyewe inataja patisheni, mfano sda5, kwahiyo:

`fsck -y /dev/sda5`

halafu `reboot`. Ikijirudia wakati umeme haujakatika, sakinisha smartmontools ukague diski kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`. Kwa diski ya kuzunguka, Current_Pending_Sector ikiwa juu ya sifuri ondoa data zako leo hii, mambo ya kurekebisha Ubuntu yasubiri.

Ikisema "ALERT! UUID=... does not exist", Ubuntu haiioni diski kabisa. Angalia tarehe ya laptopu. Kama kila ikikaa bila chaji tarehe inarudi nyuma miaka, ile betri ndogo ya kwenye mazabodi imekufa, na setingi za BIOS zinaweza kuwa zinarudi za kiwandani, ikiwemo namna BIOS inavyoiendesha diski, kutoka AHCI kwenda RAID. Laptopu za mtumba zina hii sana. Nyingi zinatumia CR2032, ila baadhi ina waya wake, fungua uone kabla ya kununua.

Hatua ya 6: inapitiliza Windows moja kwa moja

Hapa Ubuntu haijagoma, imerukwa tu. Ingia BIOS uipandishe ubuntu juu ya Windows Boot Manager, au ukiwa ndani ya Ubuntu andika `sudo efibootmgr` uone namba zake, kisha `sudo efibootmgr -o 0003,0000` ukianza na ya ubuntu, namba zako zitakuwa tofauti na hizi. Kuna laptopu ambazo BIOS yake inarudisha Windows juu kila mara, kwa hizo tumia kitufe cha kuchagua mfumo wakati wa kuwasha, HP ni F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12.