Namna ya kupokea maziwa kituoni bila kuyapoteza

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na hukamua zaidi ya lita bilioni 3 za maziwa kwa mwaka. Hata hivyo, kwenye rafu za maduka ya Dar es Salaam utakuta pakiti za maziwa ya muda mrefu na makopo ya maziwa ya unga kutoka nje, huku viwanda vya hapa nyumbani vikisindika chini ya nusu ya uwezo wao. Ng'ombe wapo. Maziwa mengi huishia kijijini, na yale yanayoelekea sokoni hupotea njiani kabla ya kufika kwenye baridi. Kilo moja ya maziwa ya unga ikikorogwa hutoa takriban lita 8, kwa hiyo tangi la lita 800 likichacha usiku mmoja, kuziba pengo lake kunataka mifuko minne ya kilo 25. Kituo cha kukusanyia ndipo mahali pa kuzuia hasara hiyo, na kazi yenyewe hufanyika asubuhi, foleni ikiwa ndefu na kila mtu ana haraka.

Anza na chombo kabla ya maziwa. Fungua kifuniko na unuse papo hapo, kwa sababu harufu hukaa hapo juu sekunde chache tu kisha hutawanyika. Harufu ya uchachu, moshi au dawa inatosha kuyaweka maziwa pembeni. Keni ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu ndiyo chombo sahihi. Dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula halifai: shingo yake nyembamba, mkono hauingii, na ukimulika tochi ndani utaona utando wa manjano kwenye kona za chini. Huo ni mabaki ya maziwa ya jana na juzi, na ndani yake bakteria wamejaa wakisubiri maziwa ya leo. Mfugaji anaweza kuwa amekamua kwa usafi kabisa na bado dumu likamwangusha.

Mweleze pia mpangilio wa kuosha, maana wengi huanza na maji ya moto. Moto hugandisha protini ukutani mwa chombo. Suuza kwanza kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, halafu sugua kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, suuza tena kwa maji safi, kisha pindua keni juu ya kichanja juani bila kifuniko. Chombo kilichofunikwa kikiwa na unyevu huoza ndani.

Baada ya pua na macho, laktomita, yaani kipimo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha kama yametiwa maji. Koroga maziwa kwanza ili mafuta yachanganyike, mimina kwenye silinda polepole yasitoe povu, tumbukiza laktomita, iache itulie bila kugusa ukuta, usome kwenye usawa wa maziwa. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 28 na 34, yaani uzito wa gramu 1.028 hadi 1.034 kwa kila mililita. Angalia kwenye shina la laktomita kimeandikwa kipimo hicho ni cha joto gani. Kama ni nyuzi 20, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi inayozidi: maziwa ya nyuzi 25 yakisoma 27, jibu ni 28, na mfugaji huyo hajatia maji. Wapokeaji wengi huruka hesabu hii na kumtukana mtu asiye na kosa. Mtu huyo kesho hupeleka maziwa yake kwa mchuuzi wa boda boda.

Maji ya asilimia 10 hushusha usomaji kwa takriban alama 3. Ila laktomita hudanganyika. Anayeengua malai kisha akaongeza maji hurudisha usomaji palepale, kwa sababu mafuta ni mepesi na kuyatoa hupandisha alama. Ukiyaona maziwa ni mepesi na yana ubuluu ilhali alama ni nzuri, pima mafuta. Ukishuku yametiwa unga wa nafaka, chemsha maziwa kidogo, yapoe, dondosha iodini: yakigeuka rangi ya bluu, kuna wanga ndani.

Kipimo cha alkoholi ndicho kinacholinda tangi. Changanya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 70, pindua mrija wa kioo mara mbili, kisha uinamishe kwenye mwanga. Maziwa mazuri huteleza kwenye kioo yakiacha utando laini. Mabaya huacha punje ndogo kama chembe za semolina, na punje chache tu zinatosha kukataa. Kama una alkoholi ya asilimia 95, chukua mililita 70 na uongeze maji yaliyotoneshwa mpaka ifike 95. Funga chupa kila baada ya kutumia. Alkoholi ikipaa nguvu hupungua, na maziwa yaliyoanza kuchacha yatapita bila kuonekana.

Maziwa yakigonga, yaani yakitoa punje kwenye kipimo hiki, usikimbilie kusema yamelala na kuanza kuchacha. Dang'a la siku za mwanzo baada ya kuzaa hugonga, na ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele vilevile. Muulize mfugaji, mwambie kesho akamulie mikupuo ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi atazame mabonge. Akiwa ametibu, maziwa hayapokelewi mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe: mabaki ya antibiotiki huua kimea, yaani bakteria wanaogandisha mtindi, na kiwanda hubaki na maji meupe yasiyoganda.

Yaliyopita yachuje na yaingie kwenye baridi ndani ya muda wa saa 2 tangu kukamuliwa, yafike nyuzi 4. Hapa hesabu ni muhimu. Lita 200 za nyuzi 4 ukizimiminia lita 100 za nyuzi 34, tangi zima hupanda hadi nyuzi 14. Kwa hiyo mimina kidogo kidogo, koroga, subiri mashine ishushe joto kabla ya keni nyingine. Umeme ukikatika usifungue kifuniko. Washa jenereta mapema. Pasipo jenereta, tumbukiza keni kwenye hodhi la maji baridi na ukoroge kila dakika 10, ukijua maziwa hayatapoa kuliko maji yenyewe.

Tatizo kubwa zaidi ni kiangazi. Wakati wa masika kituo hufurika. Miezi michache baadaye nusu ya keni ni tupu, na kiwanda kinachotaka kiasi kilekile kila siku huagiza maziwa ya unga. Wahimize wafugaji wafanye saileji masika, yaani majani mabichi ya malisho yanayohifadhiwa bila hewa: majani ya mabingobingo yakatwe yakiwa na urefu wa mita 1 hivi, yakatekatwe vipande vya sentimita 2 hadi 3, yanyunyiziwe molasi, yashindiliwe kwenye mfuko mzito wa plastiki hewa yote itoke, yafungwe. Mfuko ukitobolewa na panya, ukungu huingia, basi uweke juu ya mbao na ukague kila wiki. Hulishwa baada ya wiki 6, na ng'ombe apewe baada ya kukamuliwa, harufu isiingie kwenye maziwa.