Hela ya trekta ilivyonikosesha ruzuku Uingereza

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha mlioko Uingereza, kama mnachukua Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, msipokee hela ya mtu kwenye akaunti yenu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitoa jasho.

Kuomba ruzuku hiyo si kazi ngumu. Unajisajili mtandaoni, unathibitisha utambulisho, unaenda kwenye miadi, malipo ya kwanza yanakuja baada ya wiki 5 hivi. Kipato chako na cha mwenzi wako kinajumlishwa. Wenye watoto wanaachiwa sehemu ya mshahara bila kukatwa. Baada ya hapo kila pauni unayopata inaondoka na peni 55 za ruzuku. Ila kwanza soma viza yako. Kama inakataza fedha za umma, usiombe, hata kama mtoto kazaliwa hapa. Mwenzi mwenye haki anaweza kuomba peke yake, lakini mshahara na akiba yako vitahesabiwa vilevile.

Sasa akiba. Isiyozidi pauni 6,000 hawaigusi. Kuanzia hapo hadi 16,000 wanakata pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila 250 iliyozidi. Ikivuka 16,000 hupati kitu, hata uwe unafagia ofisi usiku na una watoto wanne.

Mimi nilikuwa na 5,200. Baba mdogo akapiga simu kutoka Himo: "Mwanangu, nakutumia hela ya trekta, nishikie mpaka ipatikane Massey Ferguson nzuri." Pauni 12,000. Nani anamkatalia baba mdogo aliyemlipia ada ya sekondari? Zikalala kwangu wiki tisa. Ukaguzi wa ruzuku ukaja, maafisa wakataka taarifa za benki za miezi 4. Mstari wenyewe ulikuwa mmoja: tarehe, 12,000, na jina la ukoo wetu. Hilo jina ndilo lililonimaliza. Afisa akaona zawadi ya familia. Jumla 17,200. Ruzuku ikakatwa, na barua ya deni ikafuata.

Ukweli ni kwamba hela unayomshikia mtu si akiba yako, ila kuthibitisha ni juu yako. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani: barua ya mwenyekiti wa kitongoji, mhuri wa bluu, mashahidi wawili. Haikusaidia, maana iliandikwa baada ya tatizo. Kilichosaidia ni karatasi ya benki ya Moshi, ankara ya trekta yenye jina la baba mdogo, na meseji zetu za WhatsApp za wiki ile ile, zikiwa zimetafsiriwa. Una mwezi 1 tu tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Mimi nusura unipite nikisubiri mhuri.

Jirani yangu Mwingereza, mzee mwenye maua mazuri, aliniuliza kwa nini baba mdogo asingefungua akaunti yake mwenyewe hapa. Nikacheka, yeye hakucheka. Kwa hawa watu hela ni ya jina lililo juu ya akaunti, basi. Kwetu hela inalala kwangu na ukoo mzima unajua ni ya nani. Sisemi wamekosea, ila ni upweke wa aina yake.

Na usikurupuke kuhamishia akiba yako kwa mama ili ushuke chini ya 16,000. Wakiona umeigawa kusudi upate ruzuku, wanaihesabu kama bado unayo. Kiwanja cha Njiro chenye hati ya jina lako nacho ni mali, hata kama kina migomba tu. Kitaje. Kukificha ni kubaya kuliko kuwa nacho.

Nanyi wazee wetu, tunawaheshimu, lakini hili la "pitishia kwa mtoto aliyeko Ulaya" liishe. Nawaambia tena: liishe.

Msimu huu baba mdogo anataka jembe la diski. Nimempa akaunti ya muuzaji. Kanuna siku mbili, kisha kalipa.