Shira ya kaimati isiyorudi sukari

Juzi, magharibi ikikaribia, mke wa jirani yangu hapa Malindi alinijia na sufuria mkononi. "Mama, shira imekuwa mawe." Nikatia kijiko: chini mchanga mtupu, juu maji matamu. Kosa hilo nami liliwahi kunilia kilo mbili za sukari na jioni nzima ya Ramadhani.

Hatua ya 1. Sukari vikombe viwili, maji kimoja. Sufuria iwe nzito kitako. Nyepesi sizitaki kabisa, huunguza.

Hatua ya 2. Moto mdogo, koroga mpaka usione punje.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Shira ikianza kuchemka, toa mwiko, usikoroge tena. Maji gramu 100 yakiwa nyuzi 20 huyeyusha sukari gramu 200 hivi. Yakifika nyuzi 100, karibu 490. Vikombe vyetu viwili vingeyeyuka hata kwa maji ya mtungini, ila shira ikitokota maji huondoka na mvuke, sukari hubaki. Ukishaepua ikapoa, sukari imeshayazidi maji nguvu. Inaweza kukaa hivyo, imetulia, safi kama asali, mpaka punje moja iliyokaukia ukingoni iangukie ndani. Hapo zote huiandama. Kwa hivyo funika sufuria dakika mbili, mvuke uoshe kingo. Kisha kamua nusu ndimu. Ukali wake huvunja sehemu ya sukari ikawa sukari za aina nyingine, nazo huzuia punje kushikana. Wako watiao unga wa ndimu wa dukani; mimi nataka ndimu yenyewe.

Ikiwa imeshaganda, usiimwage. Ongeza maji robo kikombe, irudishe motoni mpaka iwe safi, uanze hatua hii upya.

Chumvi haiendi hivi: gramu 36 kwa maji baridi, 39 kwa yanayochemka, basi. Ndiyo maana kule Gongoni chumvi huvunwa kwa kuyakausha maji ya bahari juani. Kuyapoza kusingetoa kitu.

Hatua ya 4. Hiliki, zafarani. Tone likipoa sahanini, livute kwa vidole viwili. Ukitoka uzi mmoja, epua.

Hatua ya 5. Kaimati za moto, shira vuguvugu. Zigeuze, zitoe. Wapendao ganda jeupe la sukari wazirushe humo humo bila kuacha mpaka shira ipoe, na hao ndimu wasitie.